Shajara ya kaunta ya taa nane: kuifundisha kusoma saa bila kukata waya

Machi 8

Leo nimeikomboa. Ilikuwa imelazwa ubavu kwenye yadi ya chuma chakavu Buguruni, kati ya injini ya pikipiki na mabati yaliyokunjwa. Ni kaunta ya masafa (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) ya Hewlett-Packard, modeli 5245L, ya miaka ya 1960. Kaka mwenye yadi alishaifungua akachungulia ndani, na alichokipenda ni transfoma nzito ya shaba na kadi ambazo njia zake za umeme zimepakwa dhahabu. Bei tuliyofikia, shilingi 70,000, ilikuwa bei ya shaba na dhahabu, si bei ya chombo. Nyumbani mizani imesema kilo 14 na ushee.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: kaunta hii inajua kazi moja tu, kuhesabu. Unaipa mawimbi ya umeme kwenye soketi ya mbele, inafungua geti kwa muda uliouchagua, tuseme sekunde moja, inahesabu yamepita mawimbi mangapi, inafunga geti, inaandika jumla. Inaweza kuhesabu hadi mawimbi milioni 50 kwa sekunde. Na jumla yenyewe inaiandika kwa taa nane za Nixie, ndizo zilizonivuta.

Taa ya Nixie ni chupa ya kioo yenye gesi ya neoni. Ndani yake zimepangwa tarakimu kumi za waya mwembamba, 0 hadi 9, moja nyuma ya nyingine, na mbele yake kuna wavu mwembamba wa chuma. Volti kama 170 zikipita, tarakimu iliyochaguliwa huvaa mwanga wa rangi ya kaa la moto, mwanga unaoufunika waya pande zote kama utando. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizitoa sokoni mwaka 1955, na kwa takriban miaka 20 vyombo vingi vya maabara vilisomeka kwa mwanga huo, mpaka zikaja taa ndogo nyekundu za LED.

Wengi wakipata chombo kama hiki hung'oa taa zake na kuzipanga kwenye kisanduku cha mbao, wakapata saa ya mezani. Saa inapatikana, chombo kinakufa. Mimi nataka saa, na nataka kaunta ibaki kaunta. Siku mteja akileta redio iliyopoteza masafa, nichomoe waya mmoja nimpimie. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: sikati waya wa ndani hata mmoja.

Machi 9

Kebo ya umeme ilishakatwa. Yadi zote huuza shaba kwanza. Kilichobaki ni kichwa cha kebo, kimeganda nyuma ya kaunta na kipande cha waya cha shubiri moja. Nashukuru kilibaki. Ni cha zamani, umbo la yai, pini tatu za mviringo, na nimezunguka Kariakoo asubuhi nzima bila kuona mtu anayekifahamu. Nimeunga kebo mpya kwenye kile kipande, nikalehemu, nikafunika.

Nyuma kuna swichi ndogo ya kusukuma kwa bisibisi: 115 au 230. Ilikuwa kwenye 115. Umeme wetu ni 230. Anayeokota chombo cha Marekani aanze na swichi hiyo kabla hata ya kupangusa vumbi.

Machi 15

Sikutaka kuichomeka moja kwa moja ukutani. Kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme ndani, zikikaa miaka bila umeme huwa zimedhoofu, na ukizivamia kwa nguvu zote zinaweza kupasuka. Nimefanya kama tulivyofundishwa gereji ya redio: balbu ya wati 100 kwa mfululizo na kaunta. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kabisa na kubeba mzigo, kaunta inasalimika.

Balbu iliwaka kwa nguvu, moyo ukanipasuka, kisha ikafifia taratibu, ikabaki na wekundu wa mbali. Nikaiacha hivyo nusu saa. Kapasita hazikupata joto, hakuna harufu. Nikaondoa balbu, nikachomeka ukutani.

Zikawaka saba. Sifuri saba zimesimama gizani. Ukiinama usawa wa macho unaona kwamba haziko juu ya kioo kama maandishi. Ziko ndani, na tarakimu ikibadilika namba inasogea mbele au kurudi nyuma kidogo, kwa sababu kila waya una kina chake. Simu haiwezi kupiga picha ya jambo hilo. Nilikaa nazo mpaka chai ikapoa.

Taa ya tatu kutoka kushoto ilikuwa giza. Kila tarakimu inaendeshwa na kadi yake ya kuchomeka, na kadi za upande wa kushoto zinafanana. Nikazima, nikasubiri, nikapima kwa mita mpaka volti zikashuka chini ya 10 (kapasita hizi hazisahau haraka, na volti 170 haziombi radhi), nikabadilishana kadi ya tatu na ya pili. Giza likahamia taa ya pili. Maana yake taa ni nzima, kadi ndiyo mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa uchafu: meno ya kadi yamefunikwa na utando wa kijani kibichi. Spiriti, kitambaa cha pamba, dakika kumi. Sifuri nane.

Machi 22

Wiki nzima nimefikiri namna ya kuifanya isome saa.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuipa pigo moja kila sekunde na kuiacha ihesabu. Haifai. Kaunta inahesabu kwa makumi: baada ya 59 inakuja 60, halafu 61. Haijui kwamba dakika inaishia 59.

Jibu lilinijia nikiwa kwenye daladala. Kaunta haionyeshi muda, inaonyesha masafa. Basi nitengeneze masafa ambayo namba yake inasomeka kama saa. Ikiwa ni saa tatu na dakika 24 na sekunde 17, niipe mawimbi ambayo jumla yake itaandika 3, 24, 17. Sekunde inayofuata nipandishe masafa kidogo, iandike 18. Kaunta itaendelea na kazi yake ileile iliyoumbiwa, itapima kwa uaminifu, na kipimo chake kitakuwa saa.

Vifaa ni vitatu na vyote vidogo. Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kadi moja, ya kufanya hesabu. DS3231, saa ya kadi yenye betri yake, ambayo umeme ukikatika inaendelea kutembea; mtengenezaji anaahidi isikosee zaidi ya sehemu 2 katika milioni kwenye joto la kawaida, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Na moduli ya AD9850, inayozalisha mawimbi ya masafa yoyote utakayoyaandika, kwa hatua ndogo kuliko sehemu moja ya ishirini ya hezi (hezi ni wimbi moja kwa sekunde). Vyote vinaingia kwenye kisanduku cha sabuni, na kinachotoka ni kebo moja ya BNC, ile inayoingia kwenye soketi ya mbele ya kaunta.

Na saa itakuwa ya Kiswahili. Hilo halikuwa na mjadala. Saa moja asubuhi isomeke 1, si 7. Sisi siku tunaanza kuihesabu jua likichomoza, na watu wa nyumba hii hawatafanya hesabu ya kutoa sita kila wakitazama juu ya kabati. Kwenye programu ni mstari mmoja: chukua saa ya DS3231, ongeza 18, gawa kwa 12, chukua baki, baki ikiwa sifuri, andika 12.

Machi 29

Nimeweka geti la sekunde moja. Kwa geti hilo kaunta huandika kilohezi (maelfu ya hezi) na tarakimu tatu baada ya nukta. Nikaamua kutuma saa, dakika, sekunde, na mwisho tarakimu moja ya ziada, 5. Saa tatu, dakika 24, sekunde 17 inakuwa hezi 324,175. Taa zikaandika:

00324.1…

Nukta imeangukia yenyewe kati ya dakika na sekunde! Sikuipanga; imepangwa na mhandisi wa California zaidi ya miaka 60 iliyopita kwa sababu zake, na imekaa mahali ambapo saa inaihitaji.

Ile 5 ya mwisho ina kazi. Kaunta yoyote ina shaka ya moja: geti likifunguka katikati ya wimbi, huenda ikahesabu wimbi moja zaidi au pungufu. Shaka hiyo huishia kwenye tarakimu ya mwisho kabisa. Nikiweka 5 pale, itacheza kati ya 4 na 6, na sekunde haitaguswa.

Lakini ilisoma sekunde moja nyuma, na mwisho haikuwa 5. Niliona 2: 00324.162. Nikadhani nimeiseti DS3231 vibaya, nikaisogeza mbele sekunde moja. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilirekebisha mahali pasipouma.

Aprili 5

Tatizo kubwa zaidi. Geti la sekunde moja likifungwa, kaunta hupumzika kidogo kabla ya kulifungua tena, kwa hiyo inasoma mara chache kuliko sekunde zinavyopita. Inatoka 21, 22, 23, 25. Macho yanaona mruko.

Na saa inapogeuka, inaandika upuuzi. Nilikaa kuisubiri saa tano asubuhi. Sekunde ya mwisho ya saa nne ni hezi 459,595. Ya kwanza ya saa tano ni 500,005. Geti lilikuwa wazi wakati masafa yanabadilika, likahesabu nusu ya haya na nusu ya yale, na taa zikaandika 00479.800. Saa nne, dakika 79, sekunde 80. Kaunta haikudanganya, hayo ndiyo yaliyopita getini. Mimi ndiye niliyempa mwaminifu swali bovu.

Nimehamia geti la sehemu ya kumi ya sekunde. Nimeondoa tarakimu ya ziada ili nukta ibaki mahali pake: 000324.17. Sasa inasoma mara kadhaa kwa sekunde, na upuuzi wa kugeuka ukitokea haudumu hata kope kupepesa. Jioni nitaitazama.

Aprili 5, usiku

Nimetazama. Saa kumi na mbili na nusu, badala ya 1230.00 ikaandika 1229.95. Dakika 29 na sekunde 95. Nikangoja. Iliendelea kuwa nyuma kwa sekunde tano, nusu saa nzima. Ikafika saa moja usiku na kosa likatoweka, au karibu litoweke: ilikuwa inapepesa kati ya 0100.00 na 0099.99.

Saa gani hii inayochelewa jioni na kujirekebisha yenyewe ikifika saa moja?

Nimelala nayo.

Aprili 6

Nimeamka na jibu. Sio saa inayochelewa, ni masafa. Moduli ya AD9850 ina kristali yake, kipande kinachotetema na kuongoza masafa yote inayotoa, imeandikwa megahezi 125 (hezi milioni 125). Ikiwa kristali hiyo iko chini kidogo, kila masafa inayotoa yanakuwa chini kwa uwiano uleule. Saa moja ni hezi 100,000, kwa hiyo upungufu ni mdogo. Saa kumi na mbili ni hezi milioni moja na laki mbili, upungufu ni mara 12. Kosa linakua kadiri saa inavyokuwa kubwa, na linaanza upya saa moja. Na ile sekunde moja niliyoirekebisha Machi 29 ilikuwa mtoto wa kosa hilihili.

Nimeiamuru moduli itoe megahezi 10 kamili na kuipima kwa kaunta: 09999.600. Pungufu hezi 400 katika milioni 10, yaani sehemu 40 katika milioni. Nimepiga hesabu ya 12:30:00 kwa upungufu huo, ikanipa 1229.95. Tarakimu kwa tarakimu.

Ila hapo nimeweka imani yangu yote kwa kaunta. Vyombo viwili vikibishana, nani mkweli? Huyu ni wa miaka 60, ameokotwa yadi.

Aprili 13

Nimeleta shahidi wa tatu. Moduli ya GPS, NEO-7M, ambayo unaweza kuiamuru itoe mapigo hadi megahezi 10, na mapigo hayo yanafuata saa za atomu zilizo kwenye satelaiti. Antena nimeiweka dirishani, mwembe wa jirani ukaifichia nusu ya anga, lakini baada ya robo saa ilizipata satelaiti za kutosha. Nimeiseti megahezi 8, kwa sababu 8 inagawa 48 ya ndani yake bila baki na mapigo yanatoka yamenyooka.

Kaunta nilikuwa nimeiacha na umeme tangu jana. Kristali yake imewekwa ndani ya tanuri dogo la kuishikilia kwenye joto moja, na tanuri hilo linataka muda. Nikaweka geti la sekunde 10, nikakunja mikono.

8000.0031

Nimeandika namba hiyo kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa kaunta. Hezi tatu na kitu katika milioni nane. Chini ya nusu ya sehemu moja katika milioni. Tangu ilipotoka kiwandani dunia imebadilisha teknolojia mara ngapi, imepitia maabara ambayo sitaijua, ikalazwa ubavu juani Buguruni, na sekunde yake bado ni sekunde. Moduli mpya ya AD9850, iliyofika ikiwa ndani ya mfuko wake, ilikuwa imekosea mara mia zaidi. Sisemi moduli ni mbaya, kwa bei yake ni muujiza. Nasema kuhusu hawa waliotengeneza tanuri.

Kwenye programu nimebadilisha 125,000,000 kuwa 124,995,000. Na DS3231 nimeirudisha nyuma ile sekunde niliyoionea.

Aprili 20

Karibu imekaa sawa. Saa kumi na mbili jioni sekunde inapepesa: 41, 41, 42, 41. Kisanduku cha sabuni kinakaa juu ya kaunta, kaunta ina joto, kristali ya moduli inasogea sehemu moja au mbili katika milioni. Ni kidogo sana, ila kwa masafa ya saa kumi na mbili inatosha kuleta shaka robo ya vipimo vyote. Nimeshusha kisanduku, nimekifunga sufi. Imepungua, haijaisha.

Dawa ya kweli ni kurudisha tarakimu ya ziada. Kwa geti hili, hata hivyo, nukta inahama: saa 3:24:17 inaandikwa 003241.75. Nikamwita mama asome.

"Elfu tatu mia mbili na arobaini na moja," akasema, "na senti sabini na tano. Ni deni la nani?"

"Ni saa, mama. Saa tatu na dakika ishirini na nne."

Akaitazama tena, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Mwanangu, saa mtu haielezwi. Mtu anaitazama."

Aprili 27

Nimeacha sekunde.

Niliona uchungu, kwa sababu sekunde zinazotembea ndizo uhai wa taa hizi. Lakini mama ana haki. Nimehamia geti la sehemu ya mia ya sekunde, linaloandika tarakimu moja tu baada ya nukta. Saa na dakika mbele ya nukta, na ile moja nyuma yake. Saa tatu na dakika 24:

0000324.5

Ameisoma kutoka mlangoni, miwani iko kichwani: "Tatu na ishirini na nne."

Ile tarakimu ya mwisho sikuiacha bure. Nimeigawa dakika mafungu manane, kila fungu sekunde saba na nusu, na tarakimu inapanda kutoka 1 hadi 8. Sikutumia 0 na 9 makusudi: ile shaka ya moja ikiisukuma chini kutoka 1 au juu kutoka 8, bado inabaki na nafasi bila kugusa dakika. Dakika haijapepesa tangu jana. Na geti likiwa wazi kwa muda mfupi hivyo, ni nadra sana limkute msafiri katikati ya mlango. Nimeikodolea macho ikigeuka saa nne, saa tano na saa sita, sikuona upuuzi.

Uhai umerudi kwa njia nyingine. Unaona tarakimu ya mwisho inapanda ngazi, inafika nane, inashuka, na dakika inasogea.

Mei 4

Mambo mawili ya matunzo.

Umeme. Mita ya plagi inasema wati 90. Ikiwaka usiku na mchana ni karibu uniti 65 za LUKU kwa mwezi, na hiyo si saa, ni friji. Nimeweka swichi ya majira: masaa mawili asubuhi watu wanapojiandaa, masaa manne jioni mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku imalizike na watoto wasinzie. Jumla saa 6 kwa siku, uniti 16 kwa mwezi. Namba hiyo naweza kuitetea mezani.

Taa zenyewe. Tatu za kushoto zinaandika 0 wakati wote. Tarakimu ya Nixie isiyowashwa kwa muda mrefu hukusanya juu yake uchafu wa chuma unaoruka kutoka kwa jirani inayowaka, na siku ukiitaka inawaka nusunusu, kama jino lililovunjika. Taa hizi hazitengenezwi tena kwa wingi, kwa hiyo nazizoesha. Ijumaa mchana nageuza geti liwe la sekunde 10, nabonyeza kitufe nilichokiweka kwenye kisanduku, na programu inatuma hezi 1,111,111.1, kisha 2,222,222.2, mpaka 9,999,999.9, dakika tano kila moja. Kwa geti fupi nisingeweza kufikisha taa ya kwanza kushoto kwenye 9, maana kaunta yenyewe inaishia megahezi 50. Kwa sekunde 10 inafika zote nane. Binti yangu anakaa chini na kuzitaja kwa sauti. Taa ya pili ilikuwa na 6 iliyokatika mguu. Leo, wiki ya pili ya mazoezi, mguu umerudi hadi kwenye kifundo.

Mei 10

Umeme ulikatika jana usiku na mvua, ukarudi alfajiri. Swichi ya majira ilipoiwasha asubuhi ilisoma sawa na simu. Betri ndogo ya DS3231 ilikuwa imeibeba.

Alasiri akaja mzee wa mtaa wa pili na redio yake ya mbao, bendi zimehama, kituo anakipata mahali ambapo kioo kinasema kingine. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, kaa, hii tunaipima." Nikachomoa BNC ya saa, nikachomeka ya kupimia, geti la sekunde moja. Redio yake ina masafa ya kati ya kilohezi 455, yaani osileta, saketi ya ndani inayozalisha mawimbi, hutangulia kituo kwa 455, kwa hiyo nilipoweka mshale kwenye 900 ilitakiwa isimame 1,355. Kaunta ikasema 01331. Nikageuza kijiti cha kapasita kwa bisibisi ya plastiki, robo ya mzunguko, kidogo tena, mzee ameinama begani kwangu anatazama namba zinavyopanda gizani: 1340, 1352, 1354, 1355. Tukapanda kwenda juu ya bendi tukarekebisha na huko, tukarudi tukahakiki chini. Ilichukua nusu saa.

Alipoondoka nilirudisha waya wa saa na kugeuza geti.

0001012.6